Eliya alilala kwanza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome 1 Wafalme 19 mstari wa 1 mpaka wa 8, mwenye nafasi aendelee mpaka wa 18.

Eliya katoka mlima Karmeli, moto umeshuka watu wote wameona, mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka, yani huduma imeenda vizuri kupita kawaida, alafu ujumbe mmoja tu wa malkia Yezebeli, kwamba atamuua, unamfikia na mtu anakimbia. Anafika Beer-sheba anamuacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, anakaa chini ya mretemu anaomba afe. "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Anayesema hivyo ni nabii, sio mtu aliyerudi nyuma wala mwenye dhambi aliyoificha mahali.

Sasa angalieni Mungu alivyomjibu. Hakumkemea, hakumuuliza imani yako iko wapi, hakumwambia aongeze siku za kufunga. Alimuacha alale. Malaika akamgusa, inuka ule, kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake, akala akanywa akalala TENA, na huo usingizi wa pili nao Mungu hakuuona kuwa uvivu. Malaika aliporudi alisema inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako. Yale mazito yote tunayoyahubiri, swali la "unafanya nini hapa, Eliya", sauti ndogo ya utulivu, kazi ya kumpaka mafuta Elisha, yalikuja baadae kule mlima Horebu, mtu akiwa ameshalala na ameshakula.

Nayasema haya kwa sababu makanisani kwetu mtu akifungua mdomo akasema jamani nimechoka, sioni raha ya kitu chochote, jibu la kwanza anapewa ni ongeza maombi, njoo mkesha Ijumaa. Mkesha ni mzuri na mimi naupenda, lakini kama mtu hajapata usingizi wiki nzima, kumnyima na wa Ijumaa sidhani kama ndio huduma anayoihitaji. Zaburi 127 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi, kwahiyo kulala nako ni kupokea kitu kutoka kwa Bwana.

Na sisi wa Dodoma tuna deni letu la pekee. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ya Mirembe iko hapa hapa kwetu, watu wanaletwa kutoka mikoa ya mbali wanatibiwa wanapata nafuu wanarudi makwao kulea watoto wao, alafu sisi tunaoishi nayo jirani jina lake tumeligeuza tusi, mtu akikosea kidogo anaambiwa wewe ni wa kupelekwa Mirembe. Hili linaniuma sana. Kuna muumini ana shida ya kweli na hospitali ipo nauli ya bodaboda tu, hathubutu kwenda kwa kuogopa ataonwa na nani getini.

Na mizigo ipo mingi huu mji. Kuna watumishi waliohamia tangu serikali ilipoanza kuja huku 2016, mke au mume na watoto wamebaki Dar, treni ya SGR imewasaidia wikiendi lakini Jumatatu mpaka Ijumaa jioni ni yeye na chumba na simu. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanasubiri mkopo. Kuna wazazi wetu Bahi na Chamwino, mvua yetu ni msimu mmoja tu, ikikatika Januari uwele na alizeti vimeshachipua, mtu anaamka nayo ile hofu kila siku anaangalia mawingu na hana wa kumwambia.

Kwahiyo wiki hii naomba kila mmoja achague jambo MOJA dogo la kujitunza na alijaribu mbele za Mungu kama sehemu ya ibada yake. Mimi ningeanzia kwenye usingizi. Simu ilale sebuleni, chai ya rangi ya usiku iachwe, mtu mzima anahitaji walau masaa saba na wengi wetu tunapata matano tunajisifu nayo. Au kutembea, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki ambayo ni nusu saa siku tano tu, na kwa huu upepo wetu wa mwezi wa saba na vumbi lake bora uende asubuhi, lile jua la asubuhi nalo linausaidia mwili kujua usiku ni saa ngapi. Wengine wanaandika kwenye daftari kinachowasumbua, kama mwandishi wa Zaburi 42 anavyoiuliza nafsi yake kwa nini kuinama. Mimi kuandika hakunikai, kutembea ndio kumenikaa, wewe inaweza ikawa kinyume. Ukijaribu usione tofauti, badilisha, hakuna dhambi hapo na haipimi wokovu wako.

Ila kutembea na kulala mapema havitoshi kwa kila hali. Kama huzuni imekaa wiki mbili na zaidi, hamu ya kula imekata, usingizi umepotea au umezidi, kazi na watoto vimekushinda, hiyo yaweza kuwa sonona, yani ugonjwa wa huzuni nzito, nenda hospitali ukamuone daktari kama unavyoenda kwa presha. Ukipewa dawa usiziache kwa sababu umeombewa, muulize daktari kwanza, maombi yaendelee na dawa ziendelee. Na ukisikia ndugu anasema maneno ya Eliya, kwamba yatosha, anataka kufa, usimhubirie wala usimuache peke yake. Kaa nae, msindikize hospitali siku hiyo hiyo, mistari mtasoma baadae.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunaoweza tunakutana pale Nyerere Square tunatembea taratibu mpaka jua lichomoze vizuri, hakuna mchango wala sare, na wazee mje. Asiyeweza kutembea aseme, tutapita kwake baada ya hapo tunywe nae uji.