Siku moja na okestra yangu isiyo na mpigaji hata mmoja

Saa 10:40 alfajiri

Kinachoniamsha mapema ni joto. Kelele hazinisumbui, maana kazi yangu haitumii maikrofoni. Jogoo wa jirani, bajaji na fundi wa kuchomelea mageti pale kona hawawezi kuingia kwenye muziki wangu hata wakitaka. Ila chumba changu hapa Tabata kina paa la bati, na ikifika saa sita mchana kompyuta mpakato inaanza kujipunguzia kasi isije ikaungua. Alfajiri ndizo saa zake nzuri, na zangu pia.

Natunga muziki wa okestra. Nikimwambia mtu hivyo, swali linalofuata ni lile lile: "Okestra yenyewe iko wapi?" Iko kwenye diski ya nje inayoenea kiganjani. Okestra kubwa ya simfoni huwa na vayolini za kwanza 16, za pili 14, viola (dada mkubwa wa vayolini, mwenye sauti nzito kidogo) 12, chelo 10 na besi 8, na hapo hujahesabu ala za kupuliza wala timpani, zile ngoma kubwa za shaba. Kwa Dar es Salaam, watu hao huwakusanyi kwa bajeti ya kwaya ya parokia. Kinshasa wanayo okestra kamili, ile ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, tangu mwaka 1994, na huwa nawaonea wivu wa heshima. Mimi nina sampuli.

Sampuli zinapatikana hivi. Mpigaji wa kweli anaketi ukumbini, anapiga noti moja kwa upole. Anairudia kwa nguvu. Anairudia kwa kuikata fupi, kisha kwa kudonoa uzi kwa kidole, halafu anahamia noti inayofuata. Kila pigo linarekodiwa peke yake. Maktaba niliyoanzia, BBC Symphony Orchestra Discover, ilirekodiwa na wapigaji wa okestra hiyo kwenye studio za Maida Vale, London, na toleo hilo dogo halifiki hata MB 300. Programu ninayopangia noti ni Reaper, leseni yake dola 60. Nataja ukubwa na bei kwa makusudi, ili mdogo wangu anayesoma asidhani lazima uwe mtoto wa waziri.

Saa 11:15

Chai ya rangi, kiporo cha chapati, hedifoni.

Leo namalizia wimbo wa jubilei ya miaka 25 ya parokia moja. Kwaya itaingia studio Jumamosi kuimba juu ya muziki wangu, leo ni Alhamisi, kwa hiyo muziki unatakiwa usiku wa leo. Sauti nne tayari ninazo, mwalimu wao alinitumia picha ya karatasi ya solfa aliyoiandika kwa mkono, mwandiko safi wa watu wa seminari. Kazi yangu ni kuivisha okestra.

Watu hudhani nikishaziweka noti kwenye kioo, kompyuta inapiga yenyewe. Inapiga, ndiyo, na ukisikia ilivyopiga utalia. Kila noti ndefu inatoka imenyooka, haipandi, haishuki. Kwa hiyo mkono wa kulia unapiga vibao vya kinanda kilichounganishwa na kompyuta, wa kushoto uko kwenye gurudumu la modulesheni, kigurudumu cha kuongeza na kupunguza nguvu ya noti, ambalo linahesabu kuanzia 0 hadi 127. Chini kabisa unasikia rekodi ya upinde uliogusa uzi kwa upole, juu kabisa ile ya nguvu, na katikati zinachanganywa. Napiga mstari wa vayolini za kwanza mara moja, narudi napiga za pili, viola, chelo, besi, kila mmoja na pumzi yake. Klarineti ndiyo ya kuangalia zaidi. Ya kompyuta haina mapafu, itashika noti hadi kesho, lakini msikilizaji anayo mapafu na ataanza kubanwa yeye. Kwa hiyo naiachia nafasi za kupumua, kila sentensi.

Kutoka nje kazi hii haionekani. Mama mwenye nyumba alipita dirishani akaniona nimefumba macho, natikisa kichwa, kidole kinasukuma kigurudumu, na chumba kizima kimya. Akasimama.

"Mwanangu, huumwi?"

"Siumwi mama, shikamoo. Nipo kazini."

"Marahaba. Haya, pole na kazi." Akaenda, lakini aligeuka mara mbili.

Saa 3:20

Nilikuwa nimebakiza tarumbeta na timpani. Simu ikaita: mwenyekiti wa kwaya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tumesikiliza kale kasehemu ulikotutumia, tumebarikiwa sana. Sasa kuna kajambo kadogo."

Ukiwa kwenye kazi hii utajifunza kuogopa kajambo kadogo.

"Kina mama wa sauti ya kwanza wanasema kwenye kiitikio wanapanda mno. Ushushe tatu."

"Mzee, ufunguo wa C alinipa mwalimu mwenyewe."

"Ndiyo, ila yule binti aliyekuwa anaibeba sauti ya kwanza ameolewa, amehamia Songea. Waliobaki hawafiki. Shusha tu hizo tatu. Si unabonyeza?"

Naelewa linakotoka. Kanisani mpiga kinanda ana kitufe cha transpozi. Kwaya ikianza juu sana anabonyeza, kinanda kinashuka nusu toni tatu, yaani vibao vitatu ukihesabu na vyeusi, vidole vinaendelea mahali pale pale, na hakuna anayejua. Wameliona hilo kila Jumapili. Na kwa kinanda wako sahihi, maana kinanda kina kila sauti kuanzia chini hadi juu.

Vayolini haiko hivyo. Uzi wake wa chini kabisa ni G iliyo chini ya C ya kati, na hapo ndipo mwisho wake. Chini ya hapo mbao tu. Mimi vayolini za pili nilizilaza kwenye hiyo G kiitikio kizima, kwa sababu pale wana joto la ajabu. Ukishusha nusu toni tatu wanatakiwa kupiga E ambayo hawana. Chelo nimewaweka kwenye C yao ya chini kabisa, wanatakiwa wapige A, hawana. Fluti nao hivyo hivyo. Waliotengeneza sampuli waliheshimu ala, chini ya noti ya mwisho hawakuweka kitu, unabonyeza kibao kinakaa kimya. Nilibonyeza, ili nisibishane na mzee kwa nadharia. Nusu ya okestra ikanyamaza katikati ya kiitikio.

Nikamtumia hicho kipande kwa WhatsApp. Dakika kumi baadaye ikaja sauti, dakika tatu na kitu, nyuma yake kuku na mtu anauza sabuni. Alikuwa amempa simu mpiga kinanda. "Dada, bonyeza transpozi, toa tatu, itashuka yenyewe." Nikamjibu kwa adabu, nikamweleza nyuzi. Ikaja nyingine, mwenyekiti tena: "Mwanangu, lakini si ulisema vayolini zako ni za kompyuta? Basi ziongeze uzi."

Nilicheka peke yangu mpaka nikatoa hedifoni. Na kusema kweli uzi wa namna hiyo upo: programu inaruhusu kuivuta sampuli ya G chini kwa nguvu hadi iwe E. Inatoka sauti ya jitu lenye mafua. Jina langu litakuwa kwenye ile karatasi ya jubilei, na Zanzibar wanapiga vayolini kwenye taarab tangu enzi za babu zetu, kikundi cha Ikhwani Safaa chenyewe ni cha mwaka 1905. Kuna masikio nchi hii. Sitoi vayolini yenye mafua.

Mzee akapiga tena. Mara hii alitaka kujua kama kushusha kuna gharama. Tulikubaliana laki tano, nusu imelipwa. Nikamwambia kuna elfu themanini, kwa sababu napanga upya. Kimya kirefu. "Hata kwa kazi ya Bwana?" Mimi nimekulia kwaya, mzee, baba yangu alikuwa sauti ya nne, kazi ya Bwana naijua, na bili ya umeme naijua. Tukaishia elfu hamsini na baraka zake.

Mchana

Joto. Kompyuta ikaanza kutoa milio ya kukatika-katika, RAM imejaa, ikabidi nizigandishe ala zilizokwisha ziwe sauti tupu ili zisiile kumbukumbu. Kuzipakia upya sampuli za viola kunachukua muda wa kwenda dukani kununua maji na kurudi. Umeme ukakatika nikiwa dukani.

Betri ina saa mbili ukiwa mpole nayo. Nikazima feni ya kuchaji, nikapunguza mwanga wa kioo, nikaendelea na jasho.

Kupanga upya ni kazi ya kuhamisha watu. Noti ambazo vayolini za pili hawazifikii nimewapa viola, ambao wana uzi wa C na pale chini ndiyo nyumbani kwao. A ya chelo nimewapa besi, chelo wenyewe nikawapandisha oktava moja na kuwapa kaigizo kadogo ka mstari wa sauti ya tatu. Fluti nikaiondoa kabisa kwenye kiitikio, nikairudisha kwenye beti la pili ambako ina nafasi. Halafu, na hapa ndipo wasioifanya kazi hii hawaamini, kila mstari uliohama lazima upigwe tena kwa mkono na gurudumu, maana mkunjo wa pumzi niliouchora kwa vayolini haumfai mtu wa viola. Viola huchelewa kidogo kusema. Ukimwendesha kwa kasi ya vayolini anasikika amefukuzwa.

Sijui nilikula saa ngapi. Wali maharage, baridi.

Jioni, giza limeshaingia

Umeme umerudi. Mgongo umegoma. Masikio yamechoka kiasi kwamba tarumbeta na tromboni naanza kuwachanganya, na ukifika hapo ni marufuku kugusa uwiano wa sauti za ala, utaharibu. Nikatoka barazani nikakaa na watoto wa mama mwenye nyumba, nikawasaidia hesabu za sehemu.

Nikarudi. Nikasikiliza mwanzo hadi mwisho.

Kile kiitikio sasa kina giza zuri. Viola wanakibeba kutoka chini, na sauti ya kwanza ikifika kilele, ambacho kilikuwa A na sasa ni F kali (nusu toni juu ya F), kina mama wataimba bila kukaza shingo, na vayolini za kwanza wako juu yao wanawafunika. Ni bora kuliko ya C. Hilo sitamwambia mwenyekiti, atagoma kulipa ile elfu hamsini.

Nilipiga timpani ya mwisho mara nyingi kuliko inavyostahili. Kwa kidole kimoja.

Saa 5:50 usiku

Nimetuma faili mbili, yenye mlio wa kuhesabia mapigo kwa ajili ya studio na isiyo nao kwa ajili ya mazoezi. Tiki za bluu zikatokea papo hapo, mzee hakulala.

"Mwanangu, nzuri sana. Ila hizo besi mbona sizisikii?"

"Unasikilizia wapi mzee?"

"Kwenye simu."

Nikamwandikia kwamba spika ya simu haitoi besi, asikilize kesho kwenye spika za kanisani, na salio pamoja na ile elfu hamsini viingie kabla ya Jumamosi. Ijumaa nina bibi harusi wa Kimara anayetaka kuingia ukumbini kwa harpa, kile kinubi kikubwa cha okestra. Naye tayari amesema kuna kajambo kadogo.