Siku Moja Maishani Mwangu: Mtunza Kambi ya Magari-Nyumba Kusini-Magharibi mwa Georgia

Ndugu zangu wa Tanga wakiona picha za mahali ninapofanyia kazi, huniambia kwamba nimebahatika: ziwa, misonobari, viti vya kukunja vilivyopangwa kuzunguka moto, na magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo humohumo ndani. Wanachokiona ni mapumziko ya watu wengine. Kazi yangu mimi ni kuhakikisha kwamba maji safi yanaingia katika magari hayo, maji machafu yanatoka, na umeme unamfikia kila mtu bila kumuunguzia kitu. Kambi yetu iko nje kidogo ya Fort Gaines, mji wa takriban watu 1,000 uliokaa juu ya ukingo mrefu wa mto Chattahoochee, mahali ambapo jeshi la Marekani lilijenga ngome mwaka 1816. Nitaeleza siku moja tu, Ijumaa ya mwisho wa Septemba, nayo ilikuwa siku ya kawaida kabisa.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Ninaamka gizani. Tuko ukingoni kabisa mwa magharibi ya eneo linalofuata saa za mashariki, kwa hiyo majira haya jua halichomozi mpaka karibu saa moja na nusu. Ninavaa taa ya kichwani, ninaangalia kipimo cha msukumo wa maji kwenye pampu ya kisima, ninaosha mabafu na vyoo vya pamoja, ninamwaga majivu ya jana, na kabla ya watu kuamka nimekwisha kupita kwenye nguzo zote za umeme kusikiliza kama kuna inayotoa mlio.

Saa moja na nusu asubuhi

Ukungu unapopanda kutoka ziwani, wa kwanza kufungua mlango ni bibi mmoja mjane anayeishi hapa mwaka mzima katika trela lake dogo. Huniita "mwanangu", nami humwitikia "ndiyo, mama", kwa sababu watu wa Kusini mwa Marekani wamelelewa kumjibu mkubwa kwa heshima kama tulivyolelewa sisi, na asiyeamkia hapa huonekana hana malezi. Ninamwangalia mtungi wake wa gesi na kumfungia vizuri mpira wa maji unaovuja. Hanilipi kwa hilo wala sihitaji anilipe.

Wageni wa nje hudhani kila mwenye gari-nyumba ni tajiri aliyestaafu. Wapo wastaafu, ndiyo, hasa wanaoshuka Florida kukimbia baridi, na wapo wavuvi wanaokuja kwa ajili ya samaki wa ziwa hili, ambalo lilitokea baada ya bwawa la Walter F. George kukamilika mwaka 1963 na ambalo wenyeji wengi huliita Lake Eufaula. Lakini wengi wa wapangaji wetu wa miezi ni wafanyakazi. Kusini yetu, upande wa Alabama, kuna kituo cha umeme wa nyuklia cha Farley chenye mitambo miwili, na kila mtambo huzimwa takriban kila baada ya miezi 18 ili kubadilishiwa fueli ya nyuklia. Hapo huja mafundi wa kuchomelea, wa mabomba na wa majukwaa kutoka majimbo mengine, wakivuta nyumba zao nyuma ya pikapu, wakifanya zamu za urefu wa saa 12, na wakirudi kwetu kulala tu. Wapo pia waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha karatasi cha Cedar Springs, ambacho kilipofungwa mwaka 2025 watu zaidi ya 500 walipoteza ajira. Mtu akiuza nyumba na kuhamia katika trela ili afuate kazi, hiyo haiwezi kuitwa likizo, na mimi ninayemuunganishia umeme ninajua hivyo.

Saa tatu asubuhi

Ninafungua masanduku ya umeme kuondoa sisimizi wa moto, wale waliotoka Amerika Kusini na kuingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930, na ambao kwa sababu nisizozielewa hupenda kujenga karibu na nyaya. Mmoja akikuuma, wote humfuata. Usubi nao hauachi macho wala masikio. Kusini mwa Georgia mtu hujifunza kuzungumza huku akipuliza pembeni mwa mdomo. Kutoka mashamba ya jirani, ambako karanga zimekwisha kupinduliwa ili zikauke, upepo unaleta vumbi jekundu linaloganda kwenye jasho.

Saa sita mchana

Huu ndio muda wa kuondoka kwa aliyemaliza siku zake, na hapa ndipo siku ilipoharibika.

Katika kiwanja chetu kimoja kirefu, ambacho gari linaweza kuingia upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kurudi nyuma, alikuwamo bwana mmoja mwenye basi la kifahari. Kiwanja hicho kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya familia yenye trela refu iliyotarajiwa saa saba. Saa sita na dakika kumi nilimkuta amekaa chini ya turubai lake, miguu juu ya kiti cha pili. Nikamwamkia, nikamkumbusha muda kwa adabu. Akanyanyua simu yake na kunionyesha: ilisema saa tano na dakika kumi.

Simu yake haikudanganya. Mto Chattahoochee ndio mpaka, na ng'ambo yake, Alabama, saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu ikikamata mnara wa ng'ambo hujirudisha nyuma, ikikamata wa huku husonga mbele, na inaweza kufanya hivyo mara kadhaa mtu akiwa amekaa palepale. Kwa sababu hiyo kuna tangazo mlangoni pa ofisi, kuna lingine kwenye karatasi anayotia saini kila mgeni, na saa kubwa ya ukutani inaonekana kutoka barabarani. Nilimweleza yote hayo. Akasema kwamba saa yake ni ile iliyo mkononi mwake. Kisha akatazama nyuma yangu na kuniuliza kama kuna mwanamume wa kuzungumza naye.

Swali hilo ninalisikia mara nyingi, na huwa silijibu kwa hasira, kwa kuwa hasira haiondoi basi kiwanjani. Nilimwambia kwamba msimamizi wa zamu ni mimi, kwamba mwenye kambi angemwambia maneno hayohayo, na kwamba familia yenye watoto iko njiani. Akaamua kula chakula cha mchana kwanza. Alichoma nyama yake bila haraka, akaila, akaosha vyombo. Saa saba kamili familia ilifika, baba akiwa ameendesha tangu alfajiri, watoto wakilia kwa joto, na trela lao likaziba njia nzima ya kuingilia kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kulisimamisha. Nyuma yao likaja gari la mzigo la gesi, likasimama. Nilikwenda na maji ya baridi kwa watoto, nikarudi kwa bwana wa basi, nikarudi barabarani kuelekeza magari, na joto lilikuwa limepita nyuzi 32. Saa nane kasorobo akawasha injini.

Nilidhani tumemaliza. Alipofungua valvu ya tangi la choo ili amwage, hakikutoka kitu ila maji kidogo.

Tangi la choo halitakiwi kuachwa wazi hata siku moja. Linafungwa mpaka lijae angalau theluthi mbili, ndipo linafunguliwa kwa mkupuo, ili wingi wa maji usukume kila kitu. Halafu unafungua tangi la maji ya kuogea na ya vyombo, ambayo huusafisha mpira. Mtu akiacha valvu wazi tangu siku ya kwanza kwa kuona kwamba anajirahisishia, maji hutangulia yote na vitu vizito hubaki chini vikikauka na kupanda juu kama kichuguu. Yeye alikuwa ameiacha wazi, na juu ya hayo alikuwa ametupa humo vile vitambaa laini vya kufutia watoto, ambavyo paketi yake husema vinaweza kutupwa chooni na ambavyo katika mabomba yetu haviyeyuki kamwe.

Nilivaa glavu ndefu na miwani. Nilifunga valvu, nikamwomba ajaze tangi kwa maji kupitia choo, nikaunganisha kiungo cha plastiki kinachoonyesha ndani, nikapitisha mpira wa kusukumia maji kwa nyuma. Ukitazama kupitia kiungo hicho unaona kila kinachopita: kwanza maji ya rangi ya chai, kisha donge la vitambaa limejisokota kama kamba, limekwama, limegeuka, limekwama tena, na hatimaye limeachia kwa mshindo unaotikisa mpira mkononi. Lile donge nililitoa kwa mkono kabla halijaingia katika bomba letu, kwa sababu kambi haina mfereji wa manispaa. Kila kitu kinakwenda kwenye shimo letu wenyewe na uwanja wa kunyonyea maji, na bakteria walio humo ndio wanaoendesha mtambo mzima. Ukiwaua kwa dawa kali au ukiziba njia yao, magari yote hupoteza choo siku moja. Bwana alikuwa amesimama kivulini wakati huo wote. Alipoondoka alisema tu kwamba nimechukua muda mrefu.

Familia iliingia kiwanjani saa tisa na kitu. Mama wa watoto alinishika mkono kabla sijapata nafasi ya kuunawa vizuri, nami nikaona aibu, lakini hakuuachia.

Baada ya hapo saa zikachanganyika. Nakumbuka kwamba nilikula karanga za kuchemsha, zile ambazo watu wa hapa huzichemsha zikiwa mbichi na chumvi nyingi na kuziuza kandokando ya barabara, nikiwa nimesimama. Nakumbuka kijana anayekata nyasi alikuja mbio kusema kwamba kuna mamba karibu na gati na kwamba mgeni mmoja anamrushia soseji, nikaenda kumweleza mgeni huyo kwamba katika Georgia kumlisha mamba ni kosa la kisheria, na kwamba mamba aliyezoea kulishwa na watu huwasogelea watu wengine ambao hawana soseji. Aliniomba radhi kwa dhati na sikuwa na neno zaidi naye.

Jioni, viyoyozi vyote vikiwa vimewashwa kwa pamoja, umeme ulianza kushuka. Hili ndilo jambo ninalotaka watu walielewe kuliko mengine. Nguzo ya kawaida ina soketi ya ampea 30, ambayo kwa volti 120 inatoa wati 3,600 tu, na nyingine kubwa ya ampea 50 yenye njia mbili, inayotoa wati 12,000. Mwenye kuunganisha gari lenye viyoyozi viwili kwenye soketi ndogo, kisha akawasha na jiko la maikrowevu, ataona umeme unakatika na atakuja ofisini akisema kambi ni mbovu. Na volti zikishuka chini ya 105, mota ya kiyoyozi hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi na huungua polepole bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo nilipita gari kwa gari nikiwa na kipimo, nikibisha hodi, nikiwaomba watu wazime hita ya maji mpaka usiku uingie. Wengi walikubali. Wazee wawili kutoka Tennessee walinipa kiti nikae dakika tano, nami nikakaa, na miguu ikanikumbusha kwamba sikuwa nimekaa tangu asubuhi. Umeme wa majumbani nilisomea VETA Tanga, na nilipokuwa chuoni wapo walionishauri nichukue ushonaji. Usiku kama huu, taa zote zikiwa zinawaka na hakuna harufu ya waya, ninajua kwamba nilichagua sawasawa.

Ilikuwa imekaribia saa nne usiku nilipokuwa ninavua viatu, simu ikalia. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mmoja wa wanaokwenda Farley, ametoka Louisiana, amechelewa kwa sababu ya tairi, na anatakiwa kuwa langoni mwa kituo alfajiri. Nilivaa tena, nikampokea kwa tochi na kumwelekeza kurudi nyuma kati ya miti miwili, jambo alilolifanya vizuri kuliko wengi wanaolifanya mchana. Alipochomeka plagi, nikasikia ule mlio ambao huusikiliza kila alfajiri. Nilizima sakiti breka, nikachomoa: pini moja ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imelainika. Soketi ilikuwa imelegea kwa sababu watu huchomeka na kuchomoa bila kuzima kwanza, na kila wakifanya hivyo cheche hula shaba kidogo.

Soketi za akiba ninazo daima, na mwenye kambi ameniruhusu kubadilisha ya aina ileile. Kazi kubwa kuliko hiyo tunamwita fundi mwenye leseni. Nilihakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme, nikakata ncha zilizoungua, nikachuna waya upya, nikakaza skrubu mpaka mwisho, nikafunga. Yeye alinishikia tochi bila kutikisika na bila kuniuliza kama nina mwanamume wa kunisaidia. Plagi yake nilimsafishia ile pini kwa msasa na kumwambia anunue nyingine mapema, kwani hiyo haitadumu. Nilipowasha, kipimo kikasoma 118, kiyoyozi chake kikaanza kunguruma, naye akaangalia saa na kuhesabu muda aliobakiwa nao wa kulala. Nilimwandikia namba yangu nyuma ya risiti, nikamwambia kwamba taa zikififia anipigie, hata kama ni saa nane za usiku.