Mikono ileile

Shangani, Mtwara. Jumatano jioni.

Leo mchana niliingia darasani na miwani ya uhalisia pepe (ukiivaa unajiona uko mahali pengine palipotengenezwa na kompyuta) niliyoazimwa na mwenzangu kwa wiki mbili, nikitaka wanafunzi wangu wa ualimu waone jinsi baadhi ya vyuo vikuu vya ng'ambo vinavyoitumia kufundishia habari za ubaguzi wa rangi. Miwani ilikuwa moja, wanafunzi 38. Dakika za kwanza ziliishia kwenye mkanda, uliokuwa ukiteleza juu ya ushungi wa binti aliyejitokeza kwanza, mpaka akaomba pini kwa jirani yake.

Nilikuwa nimewaeleza jaribio la mtafiti Mel Slater na wenzake wa Barcelona, lililochapishwa mwaka 2013. Wanawake weupe walivaa miwani, wakajitazama kwenye kioo cha chumba pepe, na baadhi yao wakajikuta wana ngozi nyeusi, huku mwili ule wa kiooni ukifuata kila walichofanya. Walipopimwa tena, zile dhana mbaya dhidi ya watu weusi ambazo mtu huwa nazo bila kujijua zilikuwa zimepungua. Sikuwaficha kwamba mwaka 2009 watafiti wa Marekani walipata kinyume: waliovishwa mwili mweusi, kisha wakafanyiwa usaili wa kazi humo humo, walitoka na dhana mbaya kuliko waliovishwa mweupe. Kwangu mimi matokeo hayo hayagongani. Kujitazama kwa utulivu na kuhojiwa na mwajiri ni mambo mawili, na ukimpeleka mtu mahali ambapo mwili aliovishwa umezoea kudharauliwa, huenda akaikumbuka dharau kabla hajaonja uchungu wake.

Basi binti akavaa, akainama, akageuza viganja mara mbili.

"Mwalimu, mbona mikono ni ileile?"

Darasa lilicheka, nami nikacheka, ingawa swali lake lilikuwa limeuvunja mpango wangu wote wa somo. Kifaa kile kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili ya mtu asiyejua kuwa mweusi kukoje. Hapa Mtwara tumvike nani mwili wa nani?

"Mvike Mmawia!" akadakia kijana mmoja wa nyuma, na kicheko kikarudi kwa nguvu zaidi.

Kwa mnaosoma mkiwa mbali: Wamawia ni jina walilobandikwa Wamakonde waliotoka ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, wengine wakija kukata mkonge, wengine wakikimbia vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964. Walikuja na chale usoni, na wanawake na ndonya, kile kipande kinachopachikwa kwenye tundu la mdomo wa juu. Nyumbani kwetu mtoto aliyelia usiku aliambiwa Mmawia anakuja kumchukua. Ndiyo maana nilicheka kabla sijafikiri, mimi niliyekuwa nimesimama pale kufundisha somo lile.

Kijana wa dirishani hakucheka. Alisubiri tunyamaze, kisha akasema, bila hasira yoyote niliyoisikia, kwamba bibi yake mzaa mama alitoa ndonya akiwa mtu mzima lakini tundu halikuziba, na akinywa maji yalichuruzika hapo, kwa hiyo kila alipopanda basi kuja mjini alijifunika kanga mpaka puani na hakunywa chochote njia nzima.

Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Halafu nikamuuliza (sijui kama nilikuwa na haki hiyo) kama angekubali siku moja tutengeneze chumba chenye kioo, anayeingia ajione ana uso kama wa bibi yake.

"Kioo hapana, Mwalimu," akajibu. "Bibi hakuwa na shida na kioo. Mwekeni mtu kwenye basi, abiria wote wamtazame."

Nimeandika "basi" kwenye daftari, na chini yake nimeandika "2009", kwa sababu abiria hao ni jamaa wa yule mwajiri wa kwenye usaili. Miwani inarudi kwa mwenyewe Ijumaa. Kesho nitamtafuta yule kijana nimuulize abiria wawe akina nani.