Probu ilisema katikati, saa ikasema siyo

Kosa niligundua kwa kucha. Nilipitisha kidole ndani ya tundu la hauzingi, yaani kasha linalobeba beringi, pale tundu la upande wa kwanza linapokutana na la upande wa pili, kucha ikakwama. Kulikuwa na kijingazi. Hauzingi zenyewe zilikuwa nane, za mashine za kubangulia korosho, na mwenye mali alizitaka kabla ya Oktoba. Msimu ukishaanza huku Mtwara, hakuna mtu anayetaka kusikia habari za mashine kusimama.

Karakana yetu iko mjini, si mbali na barabara ya kwenda Mikindani. Mashine ni ya kufrezi ya CNC, inayochonga chuma kwa kufuata programu ya kompyuta; tuliinunua ikiwa imeshatumika, ikaja na probu mbili, vifaa vya kupima kwa kugusa. Moja inakaa kwenye spindo, ile sehemu inayozungusha kikatio, na kupima kazi, nyingine imefungwa mezani na kupima urefu wa vikatio. Hauzingi ni ndefu, kwa hiyo natoboa nusu kutoka juu, nageuza, probu inatafuta katikati ya tundu nililokwisha toboa, kisha namalizia upande wa pili. Beringi ni 6208, kipenyo cha nje milimita 80, na tundu ni la daraja la H7: likizidi, lisizidi zaidi ya 0.03. Kila upande peke yake ulikuwa ndani ya kipimo. Tatizo ni kwamba pande hizo mbili hazikuwa na katikati moja, na shafti ikipita kwenye beringi zote mbili inabana.

"Mjomba, weka offseti tu," kijana wa zamu akaniambia. "Punguza 0.06 kwenye X, twende."

Offseti ni sahihisho unaloiandikia mashine isogee kidogo, X ikiwa kushoto na kulia, Y mbele na nyuma. Nakiri nilitamani. Hiyo ndiyo njia tuliyokuwa tukiitumia wiki mbili nzima, kila kazi na offseti yake ya kubahatisha. Lakini offseti ya kubahatisha ina tabia moja mbaya: inafanya kazi leo, kesho ukiifunga kazi kwa upande mwingine inakuwa kosa maradufu.

Basi nikafanya jambo la kizamani. Nikaiacha probu itafute katikati ya tundu, nikaitoa, nikafunga saa ya kupimia, ile geji ya mshale, kwenye spindo bila kusogeza X wala Y, nikaizungusha kwa mkono ndani ya tundu. Kama probu inasema kweli, mshale unatulia. Mshale ulitembea 0.12. Nusu yake ni 0.06, na ndicho kile kijingazi kilichokamata kucha.

Bado ningeweza kuilaumu mashine, hasa ya mtumba. Nikairudisha probu, nikapima katikati, nikageuza spindo nusu duara, nikapima tena. Majibu ya X yakapishana 0.12, na wastani wake ndio katikati ya kweli. Mashine haina kosa linalogeuka pamoja na spindo. Gololi ya probu, ile iliyo kwenye ncha ya sindano yake na inayogusa kazi, ndiyo ilikuwa imekaa pembeni ya mhimili wa spindo.

Hapo kijana akakumbuka. Ile sindano ya zamani ilivunjika umeme ulipokatika na kurudi, mtu akaisogeza meza kwa mkono bila kuangalia juu. Tukafunga sindano mpya, yenye gololi ya rubi ya milimita 6, tukaendelea na kazi. Hakuna aliyeipima. Sindano mpya kwetu ilikuwa kama taa mpya: unafunga, inawaka, basi.

Sisi mafundi tunasema kukalibreti. Watu wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wanaita ugezi. Kwa jina lolote, hatukuwa tumeufanya.

Nikaanza na kuiweka gololi katikati, maana programu inaweza kukumbuka kosa la X na Y na kulitoa, lakini kishikio cha probu, cha aina ya BT40, kinaingia kwenye spindo kwa pande mbili. Mtu akikifunga kinyume, kile kilichotakiwa kutolewa kinaongezwa. Nikapaka alama ya rangi nyekundu kwenye kishikio na kwenye spindo, halafu nikaweka saa ya kuegemea kwenye gololi. Hapa panataka mkono mwepesi. Probu ina springi laini, na saa yenye nguvu inaisukuma gololi badala ya kuipima. Skrubu ni nne. Unalegeza moja, unakaza ya upande wa pili, unazungusha, unaangalia, unarudia. Nilitumia karibu saa nzima, jasho likanidondokea kwenye meza, mpaka mshale ukatembea chini ya 0.01. Kisha nikakaza zote nne, nikapima tena, maana mara nyingi kule kukaza kwa mwisho ndiko kunakoharibu.

Baada ya hapo nikaiacha probu ya kazi nikaenda kwenye ile ya mezani. Mpangilio huu niliupata kwa kukosea. Mara ya kwanza nilianza na probu ya kazi, nikamaliza, nikagusa ya mezani, na urefu wote nikalazimika kuurudia. Ya mezani inawekwa kwa fimbo ya rejea iliyoandikwa urefu wake, yetu ni milimita 127. Kwanza kile kisahani kinachoguswa na kikatio unakipitishia saa kwa X na kwa Y kiwe sawa na meza, halafu fimbo inakigusa na mashine inaandika. Kisha fimbo hiyohiyo nikaigusisha juu ya kipande cha chuma kilichosagwa nilichokifunga mezani, na mahali palepale nikaigusisha probu ya kazi. Hivyo vikatio na probu vinahesabu Z, yaani juu na chini, kutoka sehemu moja. Kama kila kimoja kina sifuri yake, utachonga kina kisichoeleweka na utalaumu kikatio.

Kwenye fimbo nilikosea tena. Huwa naihifadhi ofisini kwenye kiyoyozi kwa sababu ya chumvi ya bahari. Nikaitoa, nikaifunga moja kwa moja, nikapima. Alasiri nikapima tena, jibu likahama kama 0.015. Nilihangaika mpaka nikapiga hesabu: chuma hurefuka takriban mikroni 11.5 (mikroni ni 0.001 ya milimita) kwa kila mita kwa kila digrii. Karakana ilikuwa na joto la digrii 11 zaidi ya ofisi, fimbo ni milimita 127, jibu ni mikroni 16. Siku hizi fimbo inalala mezani kwa mashine saa nzima kabla ya kuguswa.

Mwisho ni kipenyo cha gololi. Kinachotakiwa ni ringi geji, pete ya chuma yenye kipenyo kinachojulikana. Sisi hatuna. Mzee wa leth, mashine ya kukereza, akasema, "Si unazo beringi mpya hapo?" Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Tundu la ndani la 6208 ni milimita 40, na kiwandani linaruhusiwa kupungua hadi mikroni 12. Mikroni 12 ni nyingi mno kukisia, lakini tundu ni duara zuri na limesagwa. Nikaosha mafuta, nikaifunga kwa jiliwa kwa kubana mbavuni tu ili isibonyee, nikalipima kwa mikromita ya ndani mara kadhaa kwa pande tofauti, nikaiandikia programu namba niliyoipata badala ya 40.

Programu ikarudisha gololi ya 5.98 na kitu. Kijana akadhani tumeuziwa sindano feki. La, rubi ni 6 kamili. Ila probu haitoi ishara pale pale inapogusa, sindano inajipinda kidogo kwanza, mashine inakuwa imeshasogea, na kwenye hesabu gololi inaonekana ndogo. Namba hiyo ndiyo unayoitaka. Ila inategemea urefu wa sindano na kasi ya kugusa, kwa hiyo ugezi nilifanya kwa kasi ileile ninayotumia kupima kazi. Uchafu ukibaki kwenye gololi nao unahesabiwa kama chuma; kitambaa kikavu kila mara.

Nikarudi kwenye tundu la hauzingi, probu ikatafuta katikati, saa ikazungushwa. Mshale ulitikisika chini ya alama moja. Offseti zote za kubahatisha nikazifuta. Hauzingi mbili zilikwenda kwenye chuma chakavu, sita nikaziokoa kwa kuzitoboa upya zikabeba beringi kubwa kidogo, na mteja nilimweleza hivyo kabla hajauliza.

Beringi ile ya rejea nimeipaka grisi, nimeizungushia karatasi ya nta, iko kwenye kopo la chai lililofungwa kwa utepe. Juu yake nimeandika kwa kalamu ya rangi: si ya kufunga.