Benchi la kliniki

Nilipoanza kazi ya uhudumu wa afya ya jamii nilikabidhiwa daftari la watoto waliokosa dozi ya pili ya surua. Majina karibu yote yalitoka upande mmoja wa barabara, kwenye vyumba vya kupanga, wanakoishi watu wa makabila mengi. Upande wa pili, kwenye mageti, watoto walikuwa wamechanjwa. Surua haina subira: mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga.

Nikajiambia hapa tatizo ni ukabila. Nikatafuta wakalimani, nikabandika matangazo kwa lugha tatu, nikazunguka na mwenzangu wa kabila jingine. Miezi miwili, patupu. Mlangoni naitikiwa vizuri, "tutakuja", siku ikifika haonekani mtu.

Aliyenizindua ni bibi mmoja niliyemkuta anafua. Hata hakuinua uso. "Mjukuu wangu, lugha tunaielewa. Nenda ukakae kwenye benchi lenu."

Nikaenda bila sare, nikakaa tangu asubuhi. Waliojuana na watu wa mapokezi walipitishwa mlango wa pembeni. Mama mmoja aliyenitangulia aliulizwa kwa sauti, mbele ya wote, kwa nini kadi ya mtoto imelowa. Saa sita akaondoka, mtoto hajachanjwa na kibarua cha siku kimempita. Kabila lake hakuna aliyeliuliza.

Baadaye nilisoma kwamba mwanasayansi wa siasa wa Marekani, Robert Putnam, alieleza mwaka 2007 kuwa mitaa ya Marekani yenye watu wa asili nyingi huaminiana kidogo. Mwaka 2015 wanasosholojia Maria Abascal na Delia Baldassarri wakazipekua upya takwimu zile zile, wakaona uduni wa maisha unaeleza zaidi kuliko mchanganyiko wa watu. Ningeyajua hayo mapema, ningeokoa karatasi za matangazo.

Nilikata maboksi vipande, nikaviandika namba. Kila anayefika anachukua chake. Siku moja kwa wiki tukaanza chanjo alfajiri, kabla ya vibarua. Maswali ya kadi yakahamia ndani. Kufunga mlango wa pembeni ndiko kulikonigombanisha na wakubwa, wiki nzima.

Siku moja bwana wa kwenye mageti alikuja na mwanawe, akautikisa mlango ule. Nikampa namba 19. Alikigeuzageuza kile kipande kama risiti yenye makosa, kisha akatafuta pa kukaa. Yule bibi, namba 18, akampakata mjukuu wake ili nafasi ipatikane.