Zawadi ya Krismasi Apewe Mama Kwanza

Kila mwaka ikiingia Novemba simu yangu haipumziki. Watu wa makanisa, walimu, wakina dada wa kujitolea, wote wana swali moja, tunataka kuwafanyia pati watoto wa wakimbizi, utakuja kututafsiria? Nakubali, siku zote nakubali, maana hapa Lexington, Kentucky Wakongo ni wengi mno, Kiswahili utakisikia Walmart, utakisikia kwenye basi, na kwenye shule za mji huu ni moja ya lugha zinazoongewa sana majumbani ukiacha Kiingereza na Kihispania. Halafu mimi mtu wa Kigoma bwana, na wengi wao wamepitia Nyarugusu, kambi iko palepale Kasulu tangu 1996, kuna vijana wamezaliwa mle na kukulia mle, Kongo yenyewe wanaisikia tu kwa wazazi wao. Tukikutana kitu cha kwanza ni kuulizana dagaa wa Kigoma unawapata wapi.

Ila kuhusu hizi pati nina la moyoni na leo nalisema.

Pati yenyewe iko hivi. Ukumbi wa kanisa, taa za rangi, pizza imepangwa mezani, Santa amekaa kwenye kiti kikubwa na ndevu zake. Watoto wanapanga foleni, wanaitwa majina (majina yanavyochanwachanwa hapo, Mungu anajua), mtoto anapewa boksi, anapigwa picha, anasema thenki yu, anapisha mwenzake. Wadogo wengine wanaangua kilio wakimwona huyo mzee, na mimi siwalaumu hata kidogo, mtoto wa miaka mitatu ametoka Kigoma unamkalisha kwenye mapaja ya mtu aliyefunikwa manyoya uso mzima, unategemea nini. Sasa wazazi wako wapi? Wako ukutani kwenye viti vya plastiki, makoti hawajavua, wanatabasamu kwa adabu. Pizza hawaigusi.

Mama mmoja wa Uvira, Kongo, nilikuwa nimekaa naye hapo ukutani, akaninong'oneza, "Dada, mutoto anashukuru ule muzee wa ndevu, miye mama yake niko hapa sawa kiti."

Nilicheka kwanza, halafu kicheko kikaniishia. Maana ukifikiria alichosema ni kikubwa. Hawa wazazi wakishafika huku kila siku kuna kitu wananyang'anywa. Mtoto ndani ya mwaka anamwaga Kiingereza, anaanza kumtafsiria mama kwa daktari, anasoma barua ya umeme, anaongea na mwenye nyumba, yaani mtoto wa miaka kumi ndiye anajua kama mwezi huu kodi imelipwa. Baba alikuwa mwalimu kambini, watu wanamwamkia shikamoo mwalimu njia nzima, sasa hivi anapanga maboksi ghalani zamu ya usiku na mchana analala. Halafu inakuja Krismasi, siku ambayo hata kule kambini mzazi alijibana mwaka mzima amnunulie mtoto japo kandambili mpya, na hiyo nayo inachukuliwa na mgeni mwenye kofia nyekundu. Nia njema ipo, sikatai, na watu wa hapa ni wakarimu kwelikweli. Ila mtoto anarudi nyumbani akijua kwamba vitu vizuri vinatoka kwa wazungu.

Na wala si lazima iwe hivyo. Jeshi la Wokovu wana mpango wao unaitwa Angel Tree, ulianzia Lynchburg, Virginia mwaka 1979, mti una vikaratasi, kila kimoja kina mtoto, umri, saizi ya nguo, unachukua kikaratasi unanunua unarudisha. Kinachonifurahisha mimi ni mwisho wake, kwa kawaida mzigo anakabidhiwa mzazi, kimyakimya, mtoto hayupo, mzazi anampa mwenyewe nyumbani asubuhi ya Krismasi. Kuna makanisa mengine yamekwenda mbele zaidi, wanafungua duka kabisa. Midoli, mipira, makoti ya winta, vyote mezani, wazazi wanaingia peke yao, watoto wako chumba cha pili na michezo yao, unachagua unachotaka, sehemu nyingine unalipa hela kidogo sana ili iwe umenunua kweli.

Nilikuwepo kwenye moja ya hizo. Baba mmoja wa Fizi, Kongo hukohuko, mtu mzima, kimya sana, amesimama mbele ya meza ya mipira anaugeuza mmoja huku na huku. Nikamsogelea, mzee kuna tatizo? Akasema anatafuta bei. Nikamwambia leo ni bure baba, chukua tu. Hakuuchukua ule, akaenda akabonyeza mipira yote, mmoja mmoja kwa dole gumba, hadi akapata uliojaa vizuri, halafu akahamia meza ya kufungia zawadi. Sasa hapo kwenye gundi ya karatasi, jamani! Imemganda vidole, karatasi imechanika, mpira unabingirika, wamama wamemzunguka wanampa maelekezo kwa Kibembe na Kiswahili kwa pamoja, na yeye hataki kusaidiwa. Alitoka na kitu hata umbo halijulikani lakini alikibeba ndani ya koti mtoto asione.

Jambo la pili ni chakula. Watu wa huku Novemba wanagawa bata mzinga wa Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, mzima, kilo sita au saba, ameganda jiwe. Hakuna anayekueleza kwamba huyo anatakiwa akae kwenye friji siku tatu nne ndio ayeyuke. Jirani yangu mmoja alimtoa kibarazani akamshughulikia kwa panga, ghorofa nzima tukadhani kuna ujenzi, akamkatakata akamchemsha na nyanya na pilipili akatuletea mchuzi, na ulikuwa mtamu kuliko bata wote wa oveni niliowahi kula nchi hii (wenyeji mnisamehe). Kwa hiyo mimi siku hizi nikiulizwa tuandae chakula gani nasema wapeni wamama jiko na hela ya soko. Basi. Sombe (kisamvu cha Kikongo), bugali (ugali wao), maharage, wali, ndizi, samaki, vitakuwepo vyote na vitabaki. Na utaona yule mama aliyekuwa ameganda ukutani anavyobadilika, anaamrisha, anafokea watu watoke jikoni, anampakulia mchungaji sahani ya pili bila kumuuliza.

Na chakula siku hizi si mapambo tu. Shule zikifunga Desemba wiki mbili, watoto wanakosa chai ya asubuhi na chakula cha mchana walichozoea kula bure shuleni, kwa mama wa watoto saba hiyo ni hesabu nzito. Juu yake kuna deni la tiketi za ndege, maana wakimbizi nauli ya kuja huku wanakopeshwa, na baada ya miezi kama sita wanaanza kulipa. Juu yake tena ile sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imewatoa wakimbizi kwenye fudi stempu, ile hela ya chakula ya serikali, mpaka wapate grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, ambacho kuomba kwenyewe ni mpaka umalize mwaka mmoja nchini. Kwa hiyo ukiandaa pati, tafadhali weka na mchele, unga, mafuta, watu waondoke navyo.

Na kuna familia zilizo nusu, wengine huku wengine bado kambini. Mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, watu walikuwa na tiketi mkononi wakaambiwa safari hakuna. Mwaka wa serikali wa 2024 waliingia zaidi ya 100,000, kiwango kilichowekwa kwa 2026 ni 7,500. Mwaka jana katikati ya pati mama mmoja aliweka simu kwenye glasi, WhatsApp video, binti yake mkubwa yuko Nyarugusu, huku saa tisa mchana kule saa tano usiku, anaoneshwa sahani moja moja, naye anakosoa, "Mama, iyo sombe haina mawese!"

Halafu kuna woga. Tangu serikali ilivyofuta ule mwongozo wa watu wa uhamiaji kutokamata watu makanisani na mashuleni, Januari hiyohiyo ya 2025, hatutoi tena tangazo Facebook lenye mahali na saa. Tunapigiana simu. Picha za watoto hazirushwi, na mfadhili akisisitiza anataka picha ya ripoti, apige ya masufuria.

Waliotufundisha mengi ni majirani zetu Wameksiko. Wao kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba wana posada, kundi linazunguka mlango kwa mlango kama Yusufu na Mariamu wakitafuta pa kulala, wanaimba nje, walio ndani wanakataa kwa wimbo, mpaka mlango mmoja unafunguliwa na watu wanakula. Kule mpakani San Diego na Tijuana wanaifanya pande zote mbili za ukuta tangu miaka ya tisini. Hapa kwetu walitualika kwenye maegesho ya magari ya apatimenti, watoto wa Kikongo hawakuelewa neno la wimbo lakini piñata waliielewa haraka sana, ile nyota ya karatasi iliyojaa pipi haikumaliza dakika mbili.

Mwaka huu tunafanya Jumamosi, sio Jumapili, kwa sababu ya zamu, na tutaanza saa nane mchana ili baba wa usiku wawe wameamka. Wapishi tunao. Midoli ipo. Tunachokosa ni magari, familia nyingi wanakaa mbali na basi za wikiendi ni za shida, kwa hiyo kama uko Lexington na una gari lenye nafasi na viti vya watoto, niandikie inboksi. Mawese pia, ukiwa nayo.