Jukwaani alikuja mmoja tu

Jamani, leo nimefika Sepilok, karibu na Sandakan, huku Sabah, Malaysia. Kituo hiki kipo tangu 1964, kinalea orangutani (sokwe wakubwa wa Asia wenye manyoya mekundu) waliobaki yatima: misitu imefyekwa kupisha mashamba ya michikichi, wengine mama zao wameuawa na wao wakafugwa majumbani.

Begi unaliacha mlangoni, maana hawa jamaa wana vidole vyepesi! Kuna mdogo mmoja nilimtazama kupitia kioo: ananing'inia kwa mkono mmoja, mguu umeshika kamba, mguu mwingine umeshika ndizi, wala hana habari na sisi.

Porini mtoto hukaa na mama yake miaka 6 hadi 8, akijifunza kutafuta matunda na kujitengenezea kitanda cha matawi juu ya mti. Hapa binadamu ndio wanajaribu kuziba pengo hilo. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba chakula wanachowekewa kwenye jukwaa la kulishia hakibadilishwi-badilishwi, makusudi kabisa, ili wakichoke wakajitafutie msituni.

Mchana alikuja mmoja tu. Watalii wakanuna, walitaka picha. Sasa si ndiyo kazi imefanikiwa hiyo?